Upande wa Mama Rosela

Rosela alinipigia simu nikiwa naanika mashuka. Hakulia. Alisema tu, "Adhi, Mama amekwenda," na nikasikia watu nyuma yake wakisogeza viti. Kabla sijapata hata neno la pole akaongeza, "Na ameacha maagizo. Siku ya mazishi utasema wewe. Si mimi, si kaka zangu. Ameandika kwa mkono wake: aseme yule msichana wa daftari." Nilikaa chini penye ukuta, shuka bichi mapajani, maji yakichuruzika hadi kwenye ndala. Nakaribia miaka sitini. Nimefundisha madarasa ya watoto hamsini, nimesimama kwenye mikutano ya wazazi na kwenye harusi za watu nisiowajua vizuri, na bado niliposikia hayo nikawa tena msichana asiyeweza kusema. "Unanisikia?" Rosela akauliza. Nikamwambia namsikia. "Basi uje na maneno ya kutosha. Watu wa kanisa lake unawajua, hao hawachoki kukaa." Tukacheka wote wawili, yeye huko na mimi huku, kicheko kile cha watu waliofiwa, na simu ilipokatika niliacha mashuka ndani ya beseni nikaingia ndani kutafuta kalamu.

Mambo ya nyumbani kwetu na nani alimzaa nani nayaacha. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kidato cha sita, enzi zile kidato cha sita kilikuwa bado kipo Kenya. Shule yetu ilikuwa ya wasichana, nje kidogo ya Kisumu, mahali ambapo ukipanda kwenye jiwe nyuma ya jikoni uliliona ziwa lote, jeupe kama sahani, kabla magugu maji hayajaingia. Wengi walichukua masomo ya sayansi au Jiografia na Historia. Tuliochukua Diviniti, yaani dini, falsafa na maadili vikiwa vimefungwa pamoja, tulikuwa watatu tu: mimi, Rosela wa Milimani, na Nekesa aliyetoka upande wa Kakamega na ambaye mdomo wake haukujua likizo. Kwa kuwa tulikuwa watatu, hatukupewa darasa. Tulipewa chumba cha ushonaji. Tulisoma katikati ya vyerehani sita vilivyofunikwa vitambaa, mafuta ya mashine yakinukia, na ukivua viatu ulichomwa na pini. Hadi leo nikisikia mtu akizungumza juu ya kuwepo kwa Mungu, pua yangu inapata harufu ya mafuta ya cherehani. Sijui kama ni heshima au ni dharau, lakini ndivyo ilivyo.

Mwalimu wetu alikuwa Bwana Okumu. Alikuwa amesomea upadri akaacha, na hakuna aliyejua kwa nini, ingawa Nekesa alikuwa na maelezo matatu tofauti na yote yalikuwa na mwanamke ndani. Alivaa suruali moja ya kijivu na alikuwa na tabia ya kufuta ubao kwa kiganja. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, tumbo likiwa zito kwa nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya shule, mmoja wetu alitakiwa kuleta swali kutoka nyumbani kwao. Hakutaka swali la kitabuni. Alitaka swali ambalo watu wamegombana juu yake jikoni. Kisha alikuwa na sheria yake. Hukuruhusiwa kumpinga mtu mpaka kwanza umeeleza upande wake, na umeueleza vizuri kiasi kwamba yeye mwenyewe aseme, "En kamano." Yaani, ndivyo hivyo. Kidholuo kilikatazwa shuleni, ukikisema unavishwa kibao shingoni, lakini ndani ya chumba cha ushonaji maneno hayo mawili yaliruhusiwa, na hata Nekesa aliyajua, akiyatamka kwa lafudhi ya kwao hadi tukashika mbavu. Bila en kamano hukuwa na ruhusa ya kusema la kwako. Ungeweza kukaa Ijumaa nzima unahangaika na upande wa mwenzako, kengele ikalia, na hoja yako nzuri ukarudi nayo bwenini.

Mwezi wa tatu, mvua zilipoanza, nilileta la kwetu. Bibi yangu alikuwa kalala mgonjwa, na katika boma mzee ndiye hupanda kwanza. Wake za wanawe hawawezi kutia mbegu ardhini kabla yake, wakifanya hivyo wanajiletea chira, laana inayokausha watu na mifugo. Basi mvua inanyesha, majembe yamekaa, watoto watakula nini mwezi wa saba? Swali hilo niliandika kwenye karatasi na Nekesa akalisoma, kwa sababu mimi sikuwa nasema. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa ya mwaka ule na sitaificha. Niliweza kuandika kurasa kumi. Nikiambiwa nisimame nikaseme sentensi mbili mbele ya watu watatu, midomo ilikauka, masikio yakapiga kelele, nikakaa. Bwana Okumu alimwacha Nekesa anisomee, muhula mzima wa kwanza, bila kunikemea. Siku hiyo Nekesa alimaliza kusoma akasema, "Hii kitu ni rahisi. Wapande. Bibi hajui kinachoendelea."

"Sema upande wa Bibi kwanza," Bwana Okumu akamwambia.

"Bibi anaogopa laana."

Mwalimu akanigeukia. Nikatikisa kichwa. Hapana.

"Bibi anataka aheshimiwe."

Nikatikisa tena. Nekesa akashika kiuno. "Kwani huyo bibi yako anataka nini, yawa?" Akatembea kati ya vyerehani, akarudi, akasimama. Safari hii akasema polepole, na bila mzaha, "Bibi anajua atakufa. Anajua wakipanda bila yeye na mahindi yakaota vizuri, basi wataona wanaweza. Siku hiyo ndiyo atakuwa amekufa, hata kama anapumua." Nilihisi machozi yananijia. "En kamano," nikasema, na hayo yalikuwa maneno pekee niliyoyatoa juma zima. Baada ya hapo Nekesa hakutaka tena kusema wapande. Tulisikia wapishi wakikwangua sufuria. Nilipoenda nyumbani likizo fupi nilimkuta mama yangu na wenzake wamembeba Bibi kwenye kiti hadi ukingoni mwa shamba, wakamtia mbegu tatu mkononi, akaziangusha kwenye shimo mwenyewe, akarudishwa ndani. Basi wakapanda. Hakuna aliyewasomea falsafa. Niliyaandika yote kwenye daftari langu.

Daftari hilo. Niliandika kila siku, saa ile ya kufua, nimekaa juu ya jiwe nyuma ya jikoni huku nguo zikikauka. Niliandika kwa Kiswahili kwa hila. Shuleni kila kitu kilikuwa Kiingereza, nyumbani kila kitu kilikuwa Kidholuo, na niliamini hakuna mtu atakayejisumbua kuchungulia Kiswahili. Kwa tahadhari zaidi nililifunika kwa karatasi ya kaki kama madaftari yangu mengine, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa DIVINITI, LA TATU. Nani angefungua la tatu? Hata la kwanza hawakulitaka.

Wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula wa pili, Rosela alinialika kwao Milimani kwa sababu kwetu kulikuwa mbali. Nyumba yao ilikuwa na geti, miti ya jakaranda na viti vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, kila kiti na kitambaa chake, nikaogopa kuegemea. Tulikula kuku wa mchuzi kwa wali, na ugali ukawekwa pembeni kwa ajili ya baba yake, aliyesema wali ni mazoezi ya meno. Mama Rosela alikuwa mwanamke mnene, mrefu, kiongozi wa akina mama wa kanisa lao, mwenye sauti iliyofika chumbani kabla yake. Alinijazia sahani mara tatu. "Kula, nyathina, mtoto wangu. Mtu asiyesema lazima ale, la sivyo tutajuaje yuko?" Kesho yake mchana nilikuwa nimekaa kibarazani nikijifanya nasoma, naye alikuwa jikoni na rafiki yake wa kanisani, wakibambua njugu, dirisha likiwa wazi. Sikukusudia kusikiliza. Nasema ukweli, sikukusudia mwanzoni, baadaye nilikusudia. Alikuwa akieleza habari za mtoto wake wa pili, aliyekuja kabla ya Rosela na kuishi miezi minne. Sauti ile kubwa ilikuwa imepungua hadi nikasikia njugu zikianguka kwenye bakuli. "Wangenizika naye," alisema. "Sikuwa na kitu kingine. Sikuwa na mume, alikuwa kazini Mombasa. Nilikuwa na maombi tu. Nilishika hayo kama mtu aliyetupwa majini anavyoshika kamba, na sikuuliza kamba imefungwa wapi." Rafiki yake akasema pole, miaka imepita. "Miaka inapita," Mama Rosela akajibu, "mikono haisahau." Sikuandika maneno hayo kwenye daftari. Nilihisi si yangu.

Kisha ikaja Siku ya Wazazi. Desturi ya shule ilikuwa kupanga madaftari ya kila mwanafunzi juu ya dawati lake, ili wazazi wapite wakifungua, wakiona kazi na alama. Tangu asubuhi mimi nilipangiwa jikoni kuchambua mchele, kwa hiyo nilimwomba Nekesa anipangie ya Diviniti. "Yote?" aliniuliza mlangoni. Mikono yangu ilikuwa imejaa mchele. Nikasema yote. Saa sita niliingia na sinia la chapati kwenye chumba cha ushonaji, ambacho siku hiyo kilikuwa kimepambwa maua, nikamwona Mama Rosela amesimama kwenye dawati langu, miwani imeshuka puani, midomo ikicheza polepole. Mkononi alikuwa na la tatu. Kitu nilichokuwa sikijui, na ambacho Rosela hakuwahi kufikiria kunieleza, ni kwamba mama yake alizaliwa Mombasa, kwenye nyumba za reli, na alisoma Kiswahili kuliko alivyosoma lugha nyingine yoyote. Alifungua ukurasa mwingine. Akafungua mwingine. Alipoinua macho hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Mwanangu," alisema, "unaandika vizuri sana." Akalitia daftari ndani ya mkoba wake, akafunga zipu, akaenda moja kwa moja kwa Madam, mwalimu mkuu wetu.

Ukurasa aliomwonyesha Madam nilikuja kuukariri kwa hofu. Ulisema: Nimeomba tangu nilipojua kusema. Sijui kama kuna anayesikiliza upande wa pili. Nilipomwuliza Mwalimu Okumu hakunikaripia. Aliniambia nikae na swali langu kama mtu anavyokaa na mgonjwa. Hayo tu. Lakini jioni ile shule nzima ilikuwa inajua kwamba Diviniti inafundisha wasichana kwamba hakuna Mungu. Mama Rosela alitaka mambo mawili: Bwana Okumu ahamishwe, na darasa livunjwe, sisi watatu tupelekwe Jiografia, somo ambalo hatukuwa tumeligusa tangu kidato cha nne. Mtihani ulikuwa umebaki miezi mitano. Tulijua maana yake. Chuo kikuu kingepita hivi hivi tukikitazama, na mwalimu bora tuliyewahi kuwa naye angefungasha suruali yake ya kijivu kwa sababu yangu, kwa sababu ya kalamu yangu. Nekesa alikuja kitandani kwangu akiwa amevimba macho. "Nimekuua," alisema. "Nilibeba kila kitu cha kaki. Hata cha Hisabati cha mtu mwingine nilibeba." Rosela hakuja. Rosela alilala akiwa ameelekea ukutani siku mbili, kisha siku ya tatu akaja akaketi nyuma yangu kitandani, akaanza kunisuka nywele. Hivyo nikajua yuko upande gani.

Alhamisi Madam aliniita peke yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, alikuwa na wasichana mia sita na bodi ya shule inayopenda amani. Aliniwekea kikombe cha chai mbele yangu, jambo ambalo halikuwahi kumtokea mwanafunzi yeyote niliyemjua. "Kesho Mama Rosela atakuja," alisema. "Mambo yanaweza kuisha vizuri kwako. Sema kwamba maneno yale alikutia kichwani Bwana Okumu. Wewe ni msichana mpole, husemi hata darasani. Hakuna atakayeshangaa kwamba ulijazwa. Utaomba msamaha na utakaa mtihani wako hapa, nitakutafutia namna." Nilikunywa chai yake. Ilikuwa na maziwa mengi, tamu, na nilipoimaliza niliogopa sana kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi ilivyo rahisi. Upole wangu, ambao watu wote waliusifu, ulikuwa umekuwa kama shimo ambamo mtu yeyote anaweza kutupa maneno yake. Nilipotoka nilimkuta Bwana Okumu kwenye ujia akipangusa chaki mikononi. Alijua, bila shaka. "Usinitetee," alisema kwa sauti ya chini, akitazama kiwanja cha mpira wa wavu. "Ukija kunitetea mimi, utaonekana umefundishwa kunitetea. Sema unachokijua wewe." Halafu, kama vile ni Ijumaa ya kawaida, "Na usisahau sheria."

Nekesa alitaka nimwandikie, anisomee kama siku zote. Nikamkumbusha kwamba ofisini hataingia. "Basi nitasimama nje ya dirisha," akasema. "Ukinyamaza sana nitakohoa. Ujue tuko."

Ofisi ya Madam ilikuwa na kabati la vikombe vya michezo, kalenda ya benki, na pazia la kijani lililofanya watu wote waonekane wagonjwa. Mama Rosela alikuwa amevaa gauni la akina mama wa kanisa, limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Daftari langu lilikuwa juu ya meza kati yake na Madam. Rosela alikuwa kwenye kiti cha pembeni, Bwana Okumu amesimama karibu na mlango. Madam akafungua mazungumzo kwa sala, akasoma ule ukurasa, akaniambia nisimame nieleze. Nilisimama. Midomo ilikauka. Masikio yakaanza. Nilitazama kabati la vikombe, nikahesabu kimoja, viwili, vitatu, na ndani ya kichwa changu hapakuwa na neno hata moja, ila yale ya Madam, yaliyokwishapangwa tayari, yakinisubiri kama nguo safi kitandani. Nje ya dirisha mtu akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, kama ng'ombe.

"Mama," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, imekwaruza. "Naomba niseme upande wako kwanza."

"Upande wake atausema mwenyewe," Madam akadakia. "Wewe eleza wa kwako."

"Siwezi kusema wangu kabla ya wake. Ndivyo tunavyofundishwa."

Mama Rosela aliegemea nyuma, kiti kikalia. "Mwache," alisema. "Hebu niusikie upande wangu."

Nikaanza vibaya. Nilisema anaogopa binti yake asije akapotea. Akatikisa kichwa, karibu kwa dharau. "Kila mzazi anaogopa hivyo. Hata wa Jiografia." Nilisema anaona watoto wanaokwenda chuo kikuu wanarudi wakicheka mama zao wakipiga magoti. Hapo akasita, lakini akasema, "Hao nimewaona. Si hilo." Nikajua limebaki moja, na kwamba moja hilo sikupewa, nililiiba kibarazani. Nikavuta pumzi. "Mama, kuna wakati ulikuwa majini. Sitasema ni wakati gani. Hukuwa na mtu. Ulikuwa na kamba moja, na hukuuliza imefungwa wapi, kwa sababu mtu anayezama haulizi. Ikakutoa. Sasa kwako maombi si somo, si habari ya kupewa alama. Ni ile kamba. Na mimi, mtoto uliyemlisha nyumbani kwako, nimekaa juu ya jiwe na kalamu, nauliza kama kamba hiyo imefungwa mahali popote. Wewe ukisoma huoni swali. Unaona mtu ameshika kisu, na binti yako bado yuko majini."

Pazia likavuta ndani kidogo likatoka. Mama Rosela alinitazama muda mrefu, na usoni pake kitu kikubwa kilikuwa kinasogezwa kutoka mahali pake. "Ulisikia," alisema.

"Nilisikia, Mama. Nisamehe."

Akavua miwani. Akaifuta kwenye mkono wa gauni lile lililopigwa pasi. "En kamano," alisema taratibu, hata hakuwa na habari kwamba ndiyo maneno tuliyokuwa tukiyangoja. Kwa Bwana Okumu niliona mabega yakishuka. Nje ya dirisha, naapa, nilimsikia Nekesa akisema "Yawa!"

Baada ya hapo haikuwa ngumu. Hilo ndilo jambo ninalolistaajabia hadi leo, jinsi lisivyokuwa gumu. "Mimi sijawahi kuzama," nikamwambia. "Kwa hiyo sijui. Wewe mikono yako inajua, yangu haijui. Lakini kwetu, kabla wavuvi hawajatoka, kila mtu huvuta kamba ya mtumbwi wake kwa nguvu zote akiwa bado nchi kavu. Hawaichukii. Hawataki kuikata. Wanataka wajue kabla ya maji. Mimi niko nchi kavu, Mama, na ninaivuta."

"Na bado unaomba?"

"Kila siku. Ningekuwa nimeacha, ningekuwa na swali la nini?"

Kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia, akamgeukia binti yake. "Na wewe, Rosela. Nimepitia madaftari yako yote manne. Mbona hakuna swali hata moja? Miaka miwili unasoma dini, huna swali?" Rosela akaanza kumtajia alama alizopata. "Hata moja, nyathina? Kazi ni kunakili tu kutoka ubaoni?" Madam alijikohoza, nadhani alikuwa anazuia kicheko. Mama Rosela akalisukuma daftari langu hadi kwangu. "Madam, huyu mtoto hajapotea. Darasa libaki. Lakini mwalimu awe anaanza kipindi kwa sala, hilo sikubali lipite."

"Mimi huanza kwa sala kila siku, Mama," Bwana Okumu akasema. "Ila huwa kimoyomoyo, na ninachoomba ni hawa wasichana wanisikilize."

"Basi uipaze," alisema, na kuinuka. Mlangoni akasimama. "Wewe Adhiambo. Likizo utakuja nyumbani. Tuna mengi ya kubambua."

Nilitoka nje Nekesa akanirukia, tukaanguka wote kwenye maua ya Madam. Ijumaa iliyofuata sikumpa karatasi. Nilisimama mwenyewe kati ya vyerehani na kuleta swali langu kwa mdomo, sauti ikiwa bado imekwaruza, na Ijumaa iliyofuata tena, na kufikia mwezi wa kumi Bwana Okumu alikuwa akiniambia, "Adhiambo, wape na wengine nafasi." Tulifanya mtihani wote watatu. Matokeo yalipobandikwa tulikwenda kuyasoma tumeshikana mikono, na majina yetu matatu yalikuwa juu ya mstari, na Nekesa alipiga vigelegele hadi mlinzi akaja mbio na rungu. Wa kwanza kupigiwa simu alikuwa Mama Rosela. Alisema kwa ile sauti yake iliyofika kabla yake, "Nilijua! Si mimi niliyewaachia darasa?"

Tulimzika Jumamosi, kwenye boma lao la kijijini, mbele kidogo ya Otonglo. Hema zilikuwa nne, vipaza sauti viwili, na akina mama wa kanisa wamejaza safu sita za mbele kwa magauni yao. Bwana Okumu hayuko tena, alitangulia. Nekesa alikuja kutoka Kakamega na kuketi nyuma yangu. Walipolitaja jina langu niliinuka, nikapewa kipaza sauti, na maneno yakakataa kutoka, kama siku zile. Nikatazama ule umati, nikatazama jeneza, na nyuma yangu mtu mzima mwenye wajukuu akakohoa kama ng'ombe.

Nikaanza na upande wake. Nilisema alichoamini. Nilieleza juu ya maji, na kamba, na mikono isiyosahau, kwa sababu sasa nilikuwa na ruhusa, maana alinisimulia mwenyewe, likizo baada ya likizo, bakuli la njugu katikati yetu. Nilieleza jinsi mtu anavyoweza kushika kitu maisha yake yote na bado akamwachia mtoto wa mwingine akivute. Nilipofika mwisho nikanyamaza. Kulikuwa na la kwangu la kusema, nilikuwa nimeliandika, lakini sheria ni sheria, na aliyepaswa kuniruhusu alikuwa amelala. Nikangoja. Watu wakaanza kutazamana. Mchungaji akanyoosha mkono kudai kipaza sauti.

Ndipo Rosela akainuka kwenye kiti chake, kilemba kimelegea, akasema kwa sauti iliyomfikia kila mtu hadi barabarani, sauti ya mama yake kabisa, "En kamano."

Nikaendelea.